Rufaa ya Kuomba Msamaha

Kaka yangu alifungwa miaka minne, na mpaka leo nikiulizwa kilichomfunga ni nini, nasema ni adabu. Watu hucheka wakidhani natania. Hakimu alimwuliza swali moja dogo, naye akajibu kama tulivyofunzwa nyumbani kuwajibu wakubwa, na jibu hilo likatupandisha na kutushusha ngazi za korti kwa zaidi ya miaka miwili.

Mimi ni mpiga chapa. Nina kiduka Bungoma mjini karibu na ofisi za serikali, chenye kompyuta mbili, printa moja, na mashine ya fotokopi inayotaka kubembelezwa kila asubuhi. Kwangu hupita karatasi za kila aina: ratiba za mazishi, barua za kuomba kazi, viapo vya watu waliopoteza vitambulisho, malalamiko ya mipaka ya mashamba. Kwa hiyo kesi ya kaka ilipoanza nilijiona mjuzi wa mambo ya korti. Kumbe nilijua kupanga aya tu.

Kaka ni fundi wa visiagi, hizi mashine za kusaga mahindi. Aliishi Matisi, pale Kitale, akizunguka na mkoba wa spana kutoka kisiagi hiki hadi kile. Wiki moja alitengeneza kisiagi fulani, na kabla wiki haijaisha mota yake ikaibwa. Kufuli ilikuwa imevunjwa. Mwenye kisiagi akasema hakuna mtu mwingine aliyejua mota ile ilivyofungwa. Mwendesha bodaboda mmoja akasema alimbeba kaka alfajiri hiyo akiwa na gunia zito. Kaka akasema gunia lilikuwa la vyuma vyake vya kazi. Mota haijaonekana mpaka leo. Hiyo ndiyo kesi nzima, na ningeweza kuiandika yote nyuma ya bahasha.

Korti iliyomhukumu sitaitaja, maana bado napeleka karatasi za watu pale na sitaki kutazamwa kwa jicho la pembeni. Hakimu wa kwanza alikuwa mama wa maneno machache, aliyeandika kila kitu kwa mkono. Nilikuwepo siku mwenye bodaboda alipotoa ushahidi. Nilikaa benchi la pili, na mbele yangu alikuwa mwenye kisiagi, ambaye yeye alikuwa amekwisha kutoa wake. Kila swali lilipoulizwa, yule wa bodaboda alimtazama kwanza mwenye kisiagi ndipo akajibu. Gunia lilikuwa la rangi gani? Akatazama. Ulimshusha wapi? Akatazama. Mwishowe hakimu akaweka kalamu chini na kumwambia, "Anayekuuliza ni mimi. Niangalie mimi." Jamaa akaanza kutokwa na jasho mpaka akajipangusa kwa kofia yake. Nilirudi Bungoma nimetulia. Nikampigia Mama simu, nikamwambia asiwe na wasiwasi, hakimu ana macho.

Kabla kaka hajajitetea, hakimu mwenye macho akahamishwa. Alipelekwa kituo cha mbali, kama watumishi wa serikali wanavyohamishwa, na faili ikabaki. Akaja mwingine. Siku hiyo kesi zilikuwa nyingi hata watu wakawa wamesimama koridoni. Akafungua faili ya kaka, akasema haraka haraka, "Kesi hii ilianza kwa mwenzangu. Tuendelee ilipofikia. Sawa?"

Kaka akainama kidogo kizimbani. "Ndiyo, mheshimiwa. Sawa kabisa."

Sawa kabisa! Hiyo "kabisa" hakuombwa. Aliiongeza mwenyewe, bure, kama mtu anayeongeza sukari kwenye chai ya mgeni. Nami nilikuwa pale, nimesikia kwa masikio yangu mawili, na sikuona tatizo lolote. Hata nilimwona amejibu vizuri.

Hakimu mpya alisoma maandishi ya mwenzake. Humo ndani hamkuwa na jasho, wala kofia, wala kutazamana. Mlikuwa na sentensi safi: nilimbeba mshtakiwa, alikuwa na gunia zito, ndiye huyu. Hukumu ilipotoka, aliandika kwamba shahidi wa bodaboda alikuwa mkweli na hakuyumba hata kidogo. Alimsifu hivyo bila kumwona hata siku moja. Kisha akatoa miaka minne.

Mtu akihukumiwa ana siku kumi na nne za kukata rufaa. Kaka alikata ndani ya siku tisa, akiwa huko huko jela, na niliposikia nilimsifu kwa kila mteja aliyeingia dukani. Halafu nakala ikanifikia. Ilikuwa imeandikwa na mfungwa mwenzake mwenye sifa ya kuwaandikia watu rufaa, kwa mwandiko mzuri uliolalia upande mmoja. Niliisoma nimesimama, mteja akinisubiri na picha zake za pasipoti. Ilisema kwamba yeye ni mtu wa familia. Kwamba amejuta. Kwamba anaiomba mahakama tukufu imsamehe na impunguzie kifungo.

Amejuta nini? Kama mtu hakuiba, anajuta nini? Nilimpa yule mteja picha za mtu mwingine.

Jumamosi hiyo hiyo nilikwenda Lugulu, kwa Mama, moyo unaniwaka. Nilimkuta nyuma ya nyumba anachambua mrenda. Sikuketi hata. Nikamsomea ile karatasi kutoka mwanzo, nikitarajia ashtuke nilivyoshtuka mimi. Akawa anaitikia kwa kichwa kila mstari kama anasikiliza mahubiri.

"Hiyo balua ni mzuri," akasema. "Ni mimi niliambia yeye aandike hivyo."

"Mama! Hii ni rufaa. Hapa anatakiwa aonyeshe korti ilikosea wapi."

"Mutu haendi kwa mukubwa kumwambia ati umekosea. Utamutafutia makosa halafu umuombe kitu? Heshima si utumwa, mama. Kwanza unashuka chini."

Nilielewa wazo hilo limetoka wapi. Kwetu ukiwa na neno na mtu, hata kama ni ng'ombe wake aliyemaliza mahindi yako, huanzi na mahindi. Unamtuma mtu mzima. Anabisha hodi, anasalimia, anauliza habari za watoto, anaomba radhi kwa kufika bila taarifa, anaomba radhi kwa lolote ambalo huenda tuliwakosea bila kujua, na baada ya chai ya pili ndipo ng'ombe anapotajwa. Mara nyingi mwenye ng'ombe huona haya na kulimaliza jambo kabla hajaulizwa. Ni desturi nzuri na imewapatanisha majirani wengi. Lakini kortini anayetangulia kuomba radhi huandikwa kuwa amekiri, na hakuna anayemletea chai ya pili.

Nilimweleza hivyo, kwa sauti ambayo mtoto hapaswi kumpandishia mzazi. Mama akaacha kuchambua mboga.

"Mimi sitaki mambo mingi," akasema. "Nataka huyo jaji aseme mutoto wangu hakuiba. Hiyo neno moja. Asome mbele ya watu. Hata wakimuweka siku mbili zaidi, sawa, lakini aseme."

Hapo nikapoa kidogo. Nilikuwa nimesikia kwamba kanisani akina mama walikuwa wakinyamaza akikaribia, na kwamba zamu yake ya kutunza sadaka ilikuwa imepewa mwenzake, eti apumzike. Nikamwambia jaji atasema. Nilimwahidi kabisa, kwa hasira na kwa kiburi, mimi niliyejua kupanga aya.

Rufaa haisikilizwi mpaka mwenendo wa kesi uchapwe. Kila neno lililoandikwa na mahakimu kwa mkono ligeuzwe kuwa taipu, lihakikiwe, kisha lipelekwe Mahakama Kuu. Hapo ndipo nilipojua kumbe zamani sikuwahi kukasirika. Kila mwezi nilikwenda kwenye dirisha la masjala, na kila mwezi nikaambiwa bado kuchapwa. Mara mchapaji yuko likizo. Mara mwandiko wa hakimu wa kwanza hausomeki. Mara faili imekwenda kwa hakimu na hajairudisha. Mara faili haionekani. Kisha ikaonekana, ilikuwa chini ya faili nyingine, na kila mtu pale akanitazama kana kwamba natakiwa kushukuru.

"Nipeni mimi niichape," nikamwambia karani siku moja. "Hapa hapa, mbele yako. Ni kazi ya siku mbili."

Alinitazama kana kwamba nimeomba kujaribu joho la jaji. "Madam, hiyo ni karatasi ya korti."

"Na yule aliye ndani? Yeye si wa korti?"

"Rudi mwezi ujao, bana."

Nilirudi mwezi uliofuata, na uliofuata huo. Nilikuwa nikifika dukani nachapa ratiba ya mazishi ya watu kwa dakika ishirini, na vidole vinaniwasha nikifikiria zile kurasa zimelala mahali zinangoja mtu mwenye vidole. Ilichukua mwaka mmoja na miezi mitatu. Zilipotoka, zilikuwa kurasa hamsini na nane.

Nilizibeba kama yai. Nikafunga duka mchana, nikakaa nazo na kalamu nyekundu. Kusaka makosa ndiyo kazi yangu, na niliyapata ishirini na saba. Jina la kaka limeandikwa kwa namna tatu. Hati ya mashtaka inasema wizi ulitokea Jumanne, mwenye kisiagi anasema Jumatano. Baada ya ukurasa wa thelathini na moja unakuja wa thelathini na tatu. Mota ni ya rangi ya kijani mahali pamoja, ya buluu mahali pengine. Nilifurahi sana. Niliamini jaji akiziona aibu hizo ataitupilia mbali kesi kabla ya chai ya saa nne.

Kuna mama mmoja, karani wa korti mstaafu, ambaye huja kwangu kutoa fotokopi za kesi yake ya shamba. Ni mkali, na miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi. Nilimwonyesha kazi yangu. Alikaa kwenye kiti cha wateja akasoma kurasa zote hamsini na nane, akakataa soda, akakataa chai. Kisha akaichukua kalamu yangu nyekundu na kuanza kuyakata makosa yangu moja baada ya jingine.

"Hili si kitu. Hili si kitu. Hili la tarehe, kaka yako alijua ameshtakiwa kwa nini?"

"Alijua."

"Alijitetea?"

"Alijitetea."

"Basi halikumwumiza. Jaji hatafuti makosa ya kuchapa, wewe msichana. Kila faili ina makosa. Anajiuliza, hili kosa lilimnyima huyu mtu haki? Kama halikumnyima, analiruka anaendelea na safari."

"Na shahidi muongo?"

"Jaji atasoma ushahidi wote upya na kuupima yeye mwenyewe. Hiyo ni kazi yake, na usidhani atakubali tu alichosema hakimu. Lakini yeye hakumwona shahidi, na ni lazima alikumbuke hilo. Wewe unasema ulimwona akitokwa na jasho. Haya, nionyeshe jasho liko ukurasa gani."

Halikuwa kwenye ukurasa wowote.

Alipofika ukurasa wa arobaini na moja alisimamisha kalamu. Akausoma, akafunua unaofuata, akarudi nyuma. Ulikuwa na mistari miwili tu kuhusu siku ile: hakimu mpya amechukua kesi, na kesi itaendelea ilipofikia.

"Basi? Hakumwambia?"

"Alimwuliza kama ni sawa. Kaka akasema sawa kabisa."

"Sijasema kuuliza kama ni sawa. Nimesema kumwambia." Alivua miwani. "Hakimu akibadilika katikati ya kesi, huyu mpya lazima amwambie mshtakiwa mwenyewe, ana kwa ana, kwamba una haki ya kuomba mashahidi waitwe tena. Waje, naye awaone kwa macho yake. Mshtakiwa anajibu, na jibu lake linaandikwa. Hata kama hana wakili. Tena hasa kama hana wakili. Hapa sioni kitu." Akaugonga ukurasa mara mbili. "Hili moja ndilo kosa. Hayo yako ishirini na saba ufungie mandazi."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nikiwalaani mahakimu, makarani na wachapaji, na lile kosa lenyewe lilitendeka mbele ya macho yangu, nikatoka nje nikanunua maji ya kunywa.

Rufaa ni ya mwenyewe, kwa hiyo ilibidi kaka akubali sababu zibadilishwe. Nilikwenda kumwona jela. Alikuwa amekonda shingo, lakini alinisalimia kwa furaha na kuniuliza habari za kila mtu, hata za mashine yangu ya fotokopi. Nilimweleza kupitia wavu, nikitaja ukurasa wa arobaini na moja kila sentensi ya pili.

"Kwa hivyo unataka niambie jaji ati hakimu alikosea?"

"Ndiyo."

"Sista, hao si ni watu wa kazi moja? Nikimsema huyo, si huyu atasikia vibaya?"

"Kazi ya jaji ni hiyo hiyo! Amewekwa pale kutafuta mahali hakimu alipokosea. Hakuna atakayenuna."

"Na nikiomba tu anipunguzie? Kuna jamaa hapa aliomba hivyo, wakamtolea mwaka mzima."

"Ukiomba kupunguziwa tu, jaji ataandika kwamba umeacha kupinga hatia. Utakuwa umekubali. Utatoka mapema ukiwa mwizi."

Askari akatuashiria kwamba muda unakwisha. Kaka akakuna kichwa, akanitazama kwa upole ule ule unaonitoa roho.

"Wewe ndio umesoma. Andika vile unataka."

Niliandika. Ukurasa mmoja na nusu, bila kujuta, bila familia, bila mahakama tukufu. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kuchapa.

Siku ya kusikilizwa, kaka aliletwa kwenye skrini akiwa jela mbele ya kamera, jaji akiwa kortini, nami nimekaa nyuma natafuna kucha. Mtandao ulikatika mara mbili. Kiongozi wa mashtaka akasimama, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya mboga kwamba ameipitia faili na hapingi rufaa, kwa kuwa mshtakiwa hakuelezwa haki yake hakimu alipobadilika. Aliomba tu kesi ianzishwe upya mbele ya hakimu mwingine. Kisha akaketi.

Sentensi mbili! Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Jambo ambalo serikali yenyewe ililikubali kwa sentensi mbili lilikuwa limekaa miaka miwili likingoja kuchapwa na kusikilizwa, na mtu amelala sakafuni. Na sasa walitaka tuanze tena kutoka mwanzo.

Jaji akamgeukia kaka. "Mkata rufaa, una la kusema?"

Nilimwona kwenye skrini akiinama. Nikajua.

"Mheshimiwa, nashukuru sana kwa hii nafasi. Kama kuna mahali nilikosea, naomba radhi. Mengine naachia korti."

Nilifumba macho. Mungu anisamehe, nilimtukana kaka yangu moyoni kwa lugha mbili. Nilipofumbua, jaji hakuwa ameandika kitu. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye subira ambayo mimi sikugawiwa, na alimngoja kaka kidogo, kisha akamwuliza polepole.

"Hakimu wa pili alipokuja, alikuambia una haki ya kuomba mashahidi waitwe tena?"

"Hapana, mheshimiwa. Aliuliza tu kama tuendelee."

"Ungeambiwa, ungemtaka nani?"

"Yule wa bodaboda."

"Kwa nini?"

Kaka akafikiri. "Yule hakimu mama alimwona vile alikuwa anajibu. Huyu mwingine hakumwona."

Jaji akaandika. Kurasa hamsini na nane, ukurasa wangu mmoja na nusu, na jambo lenyewe likasemwa vizuri zaidi na fundi wa visiagi.

Siku ya uamuzi nilikwenda na Mama. Alivaa nguo yake ya Jumapili na kitambaa cha chama cha akina mama, akanishika mkono tangu jaji alipoanza kusoma. Jaji alisoma kwa karibu nusu saa. Alieleza ushahidi wa kila mmoja na kusema kwamba wajibu wake ni kuupima upya. Akasema kesi yote ilitegemea kama yule wa bodaboda ni wa kuaminika, na hakimu aliyemwita mkweli hakuwahi kumwona, na mshtakiwa hakuelezwa kwamba angeweza kuomba aonekane. Kila alipovuta pumzi, vidole vya Mama vilikaza. Akasema kuianza kesi upya hakutakuwa haki: mfungwa amekwisha kutumikia sehemu kubwa ya kifungo, kuchelewa si kosa lake, na upande wa mashtaka umekiri kwamba shahidi huyo hapatikani, inasemekana amevuka kwenda Uganda. Kuhusu ushahidi wenyewe, akasema, hataki kusema zaidi. Hatia imefutwa. Kifungo kimeondolewa. Aachiliwe, isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali.

Ukihesabu siku ambazo wafungwa hupunguziwa kwa tabia njema, alikuwa amebakisha miezi mitano.

Nilimkumbatia Mama. Hakunikumbatia.

"Amesema?"

"Amesema nini, Mama? Ameachiliwa! Hatia imefutwa."

"Hiyo nimesikia. Nauliza kama amesema hakuiba."

Nilianza kumweleza pale pale koridoni. Simu yake ikalia, ni mwenzake wa kanisani. Mama akasikiliza, akasema, "Eee, Mungu ni mwema. Wamemsamehe." Nilipiga kelele mpaka askari wa mlangoni akageuka. "Hawajamsamehe! Hakuna aliyesamehe mtu! Kesi haikuendeshwa sawa, mwambie hivyo!" Mama akaziba simu kwa kiganja na kunitazama kama mgeni mlevi.

Kaka alifika Lugulu, na watu wakaja. Waliimba, wakanywa chai, na mchungaji akashukuru kwa ajili ya msamaha. Mara tatu nilisimama kuwasahihisha, na mara tatu nikaongezewa chapati. Mzee mmoja alimpiga kaka begani akamwambia, "Usirudie tena, kijana." Kaka akasema asante.

Kesho yake mchana tulibaki watatu tu, tukila ugali na mboga nyuma ya nyumba. Mama akaweka tonge lake chini. Kisha akaniambia, "Wewe si unapiga chapa? Andika hiyo neno. Mutoto hakuiba. Tupeleke kwa jaji aweke sitampu."

Nilikuwa nimechoka, nikamjibu vibaya. Nikamwambia hakuna korti ya hiyo. Nikamwambia rufaa haiulizi mota iko wapi, inauliza kesi ilikwendaje, na jaji hawezi kusema asichokijua, naye hajui, na hakimu wa kwanza hakujua, na wa pili ndiye aliyejua kidogo kuliko wote.

"Sasa nani anajua?" Mama akauliza.

"Mimi," kaka akasema.

Alikuwa amekwisha kunawa mkono. Aliukausha polepole kwenye suruali.

"Mimi najua, na niko hapa. Mama, wewe umeuliza korti. Huyu ameuliza korti, akasoma mpaka karatasi zikaisha. Hakuna mtu ameniuliza mimi."

Hakusema kwa ukali. Nilijaribu kukumbuka siku hata moja niliyomwuliza, kule kwenye wavu, kwenye simu, kwenye barua. Nilikumbuka ukurasa wa arobaini na moja. Nikafungua mdomo nimwulize sasa, maana swali lenyewe ni fupi, na tulikuwa watatu tu, na angetujibu.

Nikaona Mama ananitazama. Macho yake yalikuwa yananisihi nisiulize.

Nikafunga mdomo. Mama akamwongezea mboga, na kaka akashukuru.